Sukari 1.9, picha ya CT safi: je, mama ana uvimbe wa kongosho au hana?

Swali: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 48, tunaishi Tanga. Tangu Ramadhani ya mwaka juzi amekuwa akibadilika ghafla, hasa alasiri akiwa amefunga, au alfajiri kabla hajatia kitu mdomoni. Jasho linamtoka, anatetemeka, anaongea maneno yasiyoeleweka, na mara mbili amepoteza fahamu kabisa. Kwanza tulidhani ni jini, na kwa kweli kila akinyweshwa maji ya asali kwa mzee mmoja wa dawa alikuwa anatulia. Baadaye hospitali wakasema kifafa. Anameza dawa miezi minane sasa na hazijasaidia. Mwezi uliopita alianguka mbele ya muuguzi, akapimwa sukari ikawa 1.9 (millimoli kwa lita). Hana kisukari. Daktari akasema huenda ana uvimbe kwenye kongosho unaotoa insulini, lakini picha ya CT tuliyoilipia imetoka safi. Ndugu wamegawanyika. Wengine wanasema saratani ya kongosho haina dawa, tusimalize pesa. Wengine wanasema picha safi maana yake hana kitu. Mama mwenyewe amenenepa, hafanani na mgonjwa. Katika familia hakuna mwenye hali hii, ila mjomba, kaka yake mama, alisumbuliwa na vidonda vya tumbo visivyopona na mawe ya figo hadi alipofariki. Tufanye nini?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na yule muuguzi, maana ndiye aliyefanya kazi ambayo haikufanyika kwa miaka miwili. Hakumpa mama dawa wala hakumwita mtu. Alitoboa kidole saa ileile mama yuko katika hali ile. Angempima nusu saa baadaye, ameshakunywa soda, angekuta 5 au 6, namba za mtu asiyeumwa, na mngerudi nyumbani na jina lilelile la kifafa.

Yule mzee wa maji ya asali naye simcheki. Bila kujua, alikuwa anatoa tiba sahihi ya dharura. Asali ni sukari. Mama alikuwa anatulia kwa sababu ubongo ulikuwa na njaa, ukalishwa. Jini halikuwa na habari.

Tayari mkononi mna mambo matatu ambayo daktari wa upasuaji wa New York, Allen Whipple, aliyaweka pamoja katika miaka ya 1930 na ambayo mpaka leo ndiyo mlango wa kuingilia ugonjwa huu: dalili zinazokuja mtu akiwa na njaa, sukari iliyopimwa wakati huohuo ikakutwa chini, na dalili kuondoka akipewa sukari. Yakikamilika yote matatu, hatuulizi tena kama sukari inashuka. Tunauliza ni nani anayeishusha.

Hapo tuingie kidogo ndani ya kongosho, maana watu wengi huichanganya na bandama. Kongosho imelala nyuma ya tumbo la chakula, urefu wake kama sentimita 15, kichwa chake kimekumbatiwa na mwanzo wa utumbo mdogo na mkia wake unaelekea upande wa bandama. Karibu yote ni kiwanda cha maji ya kumeng'enyea chakula. Lakini ndani yake yametawanyika makundi madogo ya seli, kama visiwa baharini, ambayo Mjerumani Paul Langerhans aliyaeleza mwaka 1869 akiwa bado mwanafunzi Berlin, bila kujua yanafanya nini. Ni sehemu kama asilimia 1 au 2 ya kongosho nzima. Humo ndimo zinamotoka insulini, inayoshusha sukari, na glukagoni, inayoipandisha.

Saratani ya kongosho wanayoizungumzia ndugu zako, ile inayomkondesha mtu, kumtia manjano na kumwondoa haraka, kwa kawaida huanzia kwenye mirija ya kile kiwanda cha maji ya chakula. Uvimbe anaoshukiwa kuwa nao mama huanzia kwenye visiwa. Ni kiungo kimoja lakini ni magonjwa mawili tofauti, na huu mkanganyiko umeshawanyima watu wengi matibabu. Hata Steve Jobs wa Apple, ambaye dunia nzima inasema alikufa kwa saratani ya kongosho, alikuwa na uvimbe wa aina hii ya pili. Uligunduliwa mwaka 2003, akafanyiwa upasuaji 2004, akafariki 2011. Miaka minane si hadithi ya kawaida ya saratani ile nyingine. Na wake ulikuwa umeshasambaa hadi kwenye ini.

Uvimbe unaotoa insulini unaitwa insulinoma. Ni nadra: katika watu milioni moja, wanaoupata kwa mwaka ni kati ya 1 na 4. Ila ndani ya unadra huo kuna habari njema. Takriban 9 kati ya 10 si saratani, hausambai. Takriban 9 kati ya 10 uko peke yake. Na takriban 9 kati ya 10 haufiki sentimita 2. Wengi ni kama punje ya njugu mawe, na wengine ni wadogo kuliko hapo.

Ukishaelewa huo udogo, umeelewa picha yenu ya CT. Ugonjwa huu hauumizi kwa ukubwa wa kinundu, unaumiza kwa kile kinachomiminwa. Kinundu cha sentimita moja kimejificha katikati ya nyama ya kongosho yenye rangi ileile, na picha ya kawaida ya tumbo, iliyokatwa vipande vinene na kupigwa wakati dawa ya kung'arisha mishipa haijafika au imeshapita, hukipita kama basi la usiku linavyopita kituo kisicho na taa. Picha safi haijasema mama hana kitu. Imesema tu kwamba kifaa kile, siku ile, hakikuona.

Lakini kosa kubwa zaidi, na nalisema kwa uchungu kwa sababu naliona kila mwaka, ni kwamba picha ilitangulia. Katika magonjwa ya homoni damu hutangulia, picha hufuata. Ukianza na picha unaweza kupoteza njia kwa pande zote mbili: unakosa uvimbe uliopo, au unakuta kinundu kisichohusika, unamfungua mtu tumbo, na sukari inaendelea kushuka baada ya mshono kupona.

Damu inatakiwa kuthibitisha nini? Kwamba sukari iko chini na insulini imekataa kushuka nayo. Mtu mwenye afya akifunga, sukari ikianza kuteremka, visiwa vyake vinafunga koki ya insulini. Ini linafungua ghala lake na kutoa sukari iliyohifadhiwa, na saa zikizidi mafuta ya mwili huvunjwa kuwa ketoni, chakula cha akiba cha ubongo. Ndiyo maana wewe unafunga tangu daku mpaka magharibi na unapika futari ukiwa na akili zako. Kwa mama koki haifungi. Insulini inaendelea kutiririka, ghala la ini linabaki limefungwa, na ketoni hazitengenezwi. Ubongo wake unakosa sukari na unakosa akiba. Hapo ndipo yanapokuja maneno yasiyoeleweka, hasira za ghafla, kuona vitu viwiliviwili, na mwisho degedege linalofanana na kifafa kwa kila kitu isipokuwa chanzo. Kunenepa kwake pia kumo humo: mwili umejifunza kula kila saa ili usianguke, na insulini nyingi inahifadhi kila anachokula.

Kipimo chenyewe ni kufunga chini ya uangalizi, hadi saa 72, mgonjwa amelazwa wodini, ana njia ya mshipa mkononi, anaruhusiwa maji tu. Sukari inapimwa kila baada ya saa chache, na kwa karibu zaidi ikishafika 3.3 kushuka chini. Wengi wenye insulinoma hawamalizi saa 48. Dalili zikitokea na sukari ikiwa chini ya 3.0, damu inachukuliwa papo hapo kwa ajili ya sukari ya maabara, insulini na C-peptaidi, na ikiwezekana proinsulini (insulini ambayo haijakatwa bado) na ketoni, kisha mgonjwa anapewa glukosi na mchezo umekwisha. Nakusihi, msijaribu hili nyumbani hata kwa saa sita. Watu hufa.

Na huenda mama asihitaji hata hilo. Kama anaanguka mara kwa mara, ongeeni mapema na hospitali ya karibu: akifika na sukari chini ya 3.0, wavute damu kwanza, dakika moja tu, kupitia sindano ileile ya dripu, ndipo waingize glukosi. Wakiwa hawana uhakika, au mama hajitambui na kuweka sindano kunasumbua, sukari itangulie. Hakuna kipimo chenye thamani ya ubongo wa mtu. Waambieni pia damu ya sukari iingie kwenye chupa ya kifuniko cha kijivu, na ile ya insulini ifike maabara upesi. Chembe za damu zinaendelea kula sukari ndani ya chupa isiyo na dawa ya kuzizuia. Nimeshaona majibu ya sukari 2.4 ya mtu asiyeumwa kabisa ambaye damu yake ilishinda dirishani tangu asubuhi.

Hiyo C-peptaidi usiiache, ni risiti. Kongosho inapotengeneza insulini huanza na uzi mmoja mrefu, kisha huukata: kipande kimoja ni insulini, kingine ni C-peptaidi, idadi sawa kwa sawa. Insulini ya kwenye chupa ya dawa haina risiti hiyo. Kwa hiyo insulini juu na C-peptaidi chini maana yake kuna sindano mahali. Zote mbili zikiwa juu, insulini imetoka kwenye kongosho yake mwenyewe.

Hata hapo tusikimbilie kusema uvimbe. Vidonge vya kisukari vya kundi la glibenklamaidi huikamua kongosho kwa namna ambayo majibu yanatoka sawasawa na ya insulinoma. Mama hana kisukari, sawa. Je, bibi? Baba? Mnaweka dawa zote kwenye kopo moja? Je, kuna dawa ya asili ya unga au vidonge visivyo na jina anayotumia kwa ajili ya mgongo, nguvu, au kupunguza mwili? Mwaka 2008 huko Singapore watu zaidi ya 100 walilazwa kwa sukari kushuka vibaya, baadhi wakafa, na ilipochunguzwa ikaonekana dawa haramu za nguvu za kiume zilikuwa zimetiwa glibenklamaidi. Bebeni kila kidonge na kila chupa iliyomo ndani ya nyumba, mkamwonyeshe daktari. Msione aibu.

Kwetu kuna sababu nyingine za sukari kushuka ambazo ni za kawaida kuliko insulinoma: malaria kali, na kwinini yenyewe, ambayo huichochea kongosho itoe insulini, pombe kali kwa tumbo tupu, ini lililoharibika, figo zilizoshindwa, tezi za juu ya figo zilizoliwa na kifua kikuu. Mtu mwenye hayo mara nyingi anaonekana mgonjwa. Mama yako kati ya shambulio na shambulio ni mzima, anakula, ananenepa, na hali hii ina miaka miwili. Ndiyo maana nami naegemea upande wa daktari wenu.

Damu ikithibitisha, ndipo turudi kwenye picha, safari hii kwa swali maalumu. CT ya kongosho, vipande vyembamba, inayopigwa wakati dawa iko kwenye mishipa ya ateri, maana vinundu hivi vinapenda damu na hung'aa kwa sekunde chache tu. Au MRI. Zote zikishindwa, kuna altrasaundi inayopitishwa mdomoni kwa mpira wa kamera hadi ndani ya tumbo la chakula, ikaiangalia kongosho kutoka jirani kabisa. Hiyo huona vingi ambavyo CT imevikosa. Kuna pia picha za PET, zinazofuata dawa ya mionzi inapokwenda mwilini. Ile inayosifiwa kwa uvimbe wa visiwa kwa jumla, ya galiamu, si ya kutegemewa sana kwa insulinoma, kwa sababu nyingi hazina vipokezi vya kutosha vya dawa hiyo. Msikubali kulipia kabla hamjaambiwa inatafuta nini hasa.

Tiba ni upasuaji, na mimi siujui ugonjwa mwingine mwingi wa homoni unaoisha kwa namna hii. Historia yake inasisimua. Mwaka 1926 daktari wa upasuaji William Mayo alimfungua tumbo mgonjwa mmoja, naye daktari, kule Rochester, Marekani, akakuta uvimbe umeshaenda kwenye ini. Hakuweza kumwokoa, lakini ndipo ilipojulikana kwamba uvimbe wa kongosho unaweza kumwaga insulini. Mwaka 1929 mpasuaji Roscoe Graham aliutoa uvimbe wa namna hii mjini Toronto na mgonjwa akapona. Mji uleule ambao miaka minane nyuma Banting na Best walipata insulini ya kuokoa wenye kisukari.

Kinundu kikiwa juujuu na mbali na mrija mkuu, mpasuaji hukibandua peke yake na kuiacha kongosho. Kikiwa mkiani, hukata mkia. Kikiwa kimezama kichwani karibu na mrija, kazi inakuwa kubwa, na huo ndio upasuaji uliobeba jina la Whipple yuleyule. Mpasuaji mzoefu huipapasa kongosho kwa vidole na kuweka altrasaundi juu yake palepale mezani, na kwa njia hiyo hupatikana hata vile vilivyojificha kwenye picha zote. Kinachosumbua zaidi baada ya hapo ni kuvuja kwa maji ya kongosho kwenye jeraha. Kwa hiyo swali la kumuuliza mpasuaji ni moja: kongosho ngapi amefanya? Asipojibu vizuri, ombeni rufaa hospitali ya taifa au ya kanda yenye timu ya ini na kongosho. Na mtu akiwaambia atakata nusu ya kongosho kwa kubahatisha kwa kuwa hajaona kinundu, msikubali. Hiyo ni desturi ya zamani.

Wachache ambao uvimbe wao umesambaa nao wana dawa: diazoksaidi ya kuizuia insulini kutoka, everolimasi ambayo inazuia uvimbe kukua na pia inapandisha sukari, na tiba ya mionzi ya lutetiamu inayofuata seli ziliko. Sina sababu ya kukupeleka huko kwa sasa.

Sasa mjomba. Ulimtaja kama kwa kupita, na mimi ndipo niliposimama kusoma mara ya pili.

Visiwa vya kongosho vinaweza kuota vinundu vya homoni nyingine pia. Kimoja humwaga gastrini, homoni inayoamrisha tumbo litoe asidi, na mtu anapata vidonda vya tumbo vinavyorudi kila dawa ikiisha, mara nyingi na kuharisha juu yake. Madaktari wa Marekani, Zollinger na Ellison, walikieleza mwaka 1955. Mara nyingi hakiko hata kwenye kongosho bali kwenye ukuta wa mwanzo wa utumbo mdogo, na tofauti na insulinoma, zaidi ya nusu huwa na tabia ya saratani. Kuna kingine kinachoharisha mtu maji lita 3 na zaidi kwa siku kama kipindupindu kisicho na kipindupindu, na kingine cha glukagoni kinacholeta kisukari pamoja na vipele vinavyohama. Hivyo viwili sidhani kama vinawahusu.

Vidonda vya tumbo vingi hapa kwetu vinatokana na bakteria wa tumboni na dawa za maumivu, na mawe ya figo ni mengi pwani kwa joto na kunywa maji kidogo. Mjomba anaweza kuwa alikuwa nayo yote mawili kwa bahati mbaya tu. Ila vidonda visivyopona na mawe ya figo kwa mtu mmoja, na dada yake sukari inashuka, vinaniita jina: MEN1. Ni hitilafu ya kurithi katika kromosomu ya 11. Tezi nne ndogo za shingoni zinazosimamia kalsiamu zinafanya kazi kupita kiasi, kalsiamu inapanda, mawe yanajaa figoni. Kongosho inaota vinundu vya homoni. Na tezi ya chini ya ubongo nayo inaweza kuota chake. Katika kila watu 10 hadi 20 wenye insulinoma, mmoja anaweza kuwa na MEN1. Kwao vinundu huwa vingi, si kimoja, na mpasuaji anatakiwa ajue hivyo kabla hajashika kisu.

Kulichunguza hilo huanza na kipimo cha kalsiamu kwenye damu. Ni cha bei ndogo kuliko CT mliyoilipia, na maabara nyingi za mkoa zinakifanya.

Wakati mnasubiri, mama ale kidogo kila saa mbili au tatu na kabla ya kulala, vyakula vinavyokaa: ugali wa dona, muhogo, maharage, viazi vitamu. Soda na asali ziwe za dharura, maana zinapandisha sukari upesi, uvimbe nao unaweza kujibu kwa insulini zaidi. Ikiwa saa nane za usiku ndizo mbaya, wekeni saa imwamshe ale. Asikae peke yake na jiko la mkaa, asiendeshe chombo chochote. Akipoteza fahamu msimmiminie kitu mdomoni, atapaliwa. Mlazeni ubavu, mpakeni sukari au asali ndani ya shavu, na mkimbize hospitali kwa dripu ya glukosi. Dawa za kifafa asiziache ghafla, aziache kwa mpango wa daktari baada ya majibu. Na asifunge. Mgonjwa ana ruhusa, shekhe wenu atawaambia hivyohivyo. Akiona uzito, aende akaisikie kwake badala ya kuisikia kwangu.

Nunueni kimashine cha kupima sukari na daftari. Kila dalili ikija: saa, alikula nini na lini, sukari ilikuwa ngapi kabla ya kumpa kitu, na baada ya dakika 15 ikawa ngapi. Kimashine hakiaminiki sana kwenye namba za chini, kwa hiyo hakitoshi kumpeleka mtu mezani, lakini daftari la wiki tatu litamfanya daktari yeyote anyanyue macho.

Majibu ya kalsiamu ya mama yakitoka, niandikie. Yakiwa juu, atakayefuata kupimwa ni wewe na ndugu zako, maana kama ni MEN1, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi.